Mama Jeli na Figo za Kaka Yake

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina. Kuanzia wauguzi hadi wasukuma vitanda, wote walimwita Mama Jeli, kwa ule uteute baridi aliowapaka wagonjwa kabla ya kuwapitishia kifaa cha ultrasound tumboni. Kazi yake ilikuwa kwa wagonjwa mahututi, wasioweza kupelekwa popote, hivyo mashine ya magurudumu ndiyo iliyowafuata kitandani. Utani haukumwisha hata kwa waliolala hawajitambui. "Samahani mzee, nakuchafua kidogo," angesema, huku akiipasha joto ile jeli viganjani.

Mara nyingi aliitiwa figo. Mgonjwa akizidiwa na mkojo ukikatika, daktari hutaka kujua kama figo zimeumia juzijuzi au zilikufa kitambo. Zilizoumia juzi huwa bado zina unene wake, na huenda zikaamka. Za zamani husinyaa.

Mwaka ule kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti, aliungua mguu kazini. Kidonda akakipuuza, kikaoza, sumu ikaingia kwenye damu. Huyu ndiye aliyemlea Mama Jeli baada ya baba yao kufariki; alimbeba mgongoni kila aendako, hadi vijana wenzake wakambatiza jina la Yaya. Sasa alikuwa amelazwa kwenye wodi ileile alikofanya kazi dada yake, mpira wa kupumulia umepita kooni, dawa za kupandisha presha zikidondoka mshipani. Mfuko wa mkojo kando ya kitanda ulibaki mkavu.

Daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimvuta pembeni.

"Mwenzako yuko likizo. Naweza kuomba mtu kutoka hospitali nyingine, ila atafika jioni."

"Jioni ni mbali. Nitampima mwenyewe."

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini nitampima."

Alianza upande wa kulia, chini ya mbavu. Ini likatokea kwanza kwenye kioo cha mashine, la kijivu, kisha figo nyuma yake. Figo nzima haipaswi kung'aa kupita ini. Hii ilikuwa nyeupe kama majivu, nyama yake imekonda, nayo ndogo kama ya mtoto. Akadhani amekosea kuilenga. Akamwomba muuguzi amgeuze kaka kidogo, akapima upya. Ileile. Ya kushoto ilikuwa mbaya zaidi. Akatafuta mkojo uliokwama, maana kama lingekuwa jiwe limeziba njia, angalau lingetolewa. Hakuna kilichoziba. Aliendelea kutafuta hata baada ya kujua, mpaka daktari akamgusa bega.

"Inatosha."

"Ni za siku nyingi hizi," Mama Jeli akasema. "Za miaka."

"Naona."

Wifi yake alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, viatu kavivua.

"Wifi, kaka alikuwa anaumwa figo. Si kwa sababu ya kidonda. Tangu zamani."

Wifi akainamisha kichwa. "Najua."

"Unajua?"

"Miaka kadhaa sasa, kuna kliniki walimpima presha wakaikuta juu sana, wakamwambia figo zimeanza kuchoka. Akaniapisha nisiseme."

"Na mimi ndiyo kazi yangu, wifi. Kutwa nachungulia figo za watu nisiowajua."

"Ndiyo maana. Alisema akikwambia, hutamtazama tena kama kaka. Utamtazama kama mgonjwa. Alitaka abaki mkubwa wako."

Mama Jeli alitaka kumtukana, akataka pia kumshika mkono. Akakaa tu kwenye benchi lilelile, wakaacha katikati yao nafasi ya kutosha mtu.

Walijaribu kumsafisha damu kwa mashine. Presha ikaanguka, wakasimamisha, wakaanza tena polepole. Kaka alifumbua macho mara moja, hawezi kusema kwa ule mpira.

"Kaka, ulinificha," Mama Jeli akamwambia.

Akamtazama, halafu akayahamishia macho kwa mkewe aliyesimama upande wa pili wa kitanda, kama mtu aliyeulizwa swali akamwachia mwenzake ajibu.

"Sina hasira," dada yake akasema. Alikuwa nayo tele.

Kesho yake mchana moyo ulisimama. Wakakibana kifua, wakakibana, kisha daktari akawaambia waache.

Msibani mama yao alimwita Mama Jeli chumbani. "Wewe si unaona ndani ya watu? Ya ndugu yako ulikuwa huyaoni?"

"Nawaona wanaolala mbele yangu, mama."

Mama aliomba maji ya kunywa.

Baada ya hapo Mama Jeli hakukanyaga kwa wifi yake. Akipigiwa simu alisema yuko kazini, na kweli alikuwa kazini. Aliomba zamu hata zisizo zake. Wauguzi waliona utani umepungua. Sasa aliwapaka wagonjwa kimya.

Wifi ndiye aliyevunja ukimya. Alikuja mwenyewe, akamkuta akifuta mashine.

"Kichwa kinaniuma siku zote," alisema. "Nipime kila kitu. Na ukiona jambo, uniambie mimi kwanza. Usinifiche."

Mama Jeli akampima presha, akamlaza, akamtazama figo zote mbili. Hakuharakisha. Akazitazama tena.

"Ziko salama, wifi. Presha pia. Kichwa chako ni cha kukosa usingizi."

Wifi alilia pale kitandani kuliko alivyolia msibani. Mama Jeli akavuta pazia, akakaa naye.