Petroli ya Bwawani Kitendaguro

Miaka ile baada ya vita, petroli Bukoba ilikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa cha wenye bahati. Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia. Nilifundisha jinsi petroli inavyotengenezwa, kisha nikarudi nyumbani Kitendaguro kwa miguu.

Somo lenyewe si gumu, nivumilie kidogo. Gesi asilia unaikutanisha na mvuke wa maji kwenye joto kali, inavunjika, zinapatikana gesi nyingine mbili. Hizo unazisukuma kwa nguvu zipite juu ya chuma kilichosagwa, nazo zinashikana upya, kipande kwa kipande, mpaka zinakuwa mafuta. Kile chuma ni kichocheo: kinaharakisha kazi, chenyewe hakigeuki mafuta.

“Kama mshenga,” mama alisema nilipomweleza. “Anaunganisha koo mbili, harusi ikiisha anarudi kwake vilevile alivyokuja.”

Tangu siku hiyo wanafunzi wangu nao nikawafundisha hivyo.

Gesi asilia ilikuwa mbali, huko pwani, kwa hiyo mimi nilionyesha ya bwawani, maana ni ndugu yake. Nilikoroga tope kwa fimbo, nikakinga mapovu kwa chupa, nikawasha kiberiti. Mwali ukaruka. Majirani walishangilia. Balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye pikipiki yake ilikuwa imefunikwa gunia mwaka mzima, hakushangilia. Alikuwa anafikiri.

Ndipo dada yangu alipotuma ujumbe kutoka Kimwani, alikoolewa. Mumewe alikuwa amekufa kwa ule ugonjwa mpya wa kukondesha, ambao siku hizo watu waliuita kwa jina la kitambaa, na sasa yeye mwenyewe hakuweza kusimama. Aliomba jambo moja: arudishwe nyumbani, aione migomba ya mama akiwa bado anaona.

Mkuu wa shule alinipa gari. “Mafuta utajua wewe,” alisema. “Si ndilo somo lako?”

Nilizunguka mji siku mbili. Siku ya tatu mama alijitwika mtungi wa lubisi, pombe yake ya ndizi, akateremka hadi ziwani, kwa wachuuzi wa samaki waliotoka visiwa vya Muleba. Alirudi jioni na dumu linalonuka samaki kichwani, mkono mmoja kiunoni.

“Usiniulize,” alisema.

Ilikuwa petroli ya mashine za mitumbwi, iliyokwisha kuchanganywa na oili. Gari lilifuka moshi kama tanuri la matofali, kwenda Kimwani na kurudi. Lakini lilikwenda, na dada akarudi.

Kesho yake balozi alifika. Siku hizo mtu mwenye kitu kisicho na kibali aliitwa mhujumu uchumi.

“Mwalimu, mafuta yale umeyapata wapi?”

Mama alinitangulia kujibu, kutoka jikoni. “Ameyatengeneza! Si ulimwona bwawani?”

“Ndiyo maana yanatoa moshi vile?”

“Ni ya mwanzo. Yatatulia.”

Balozi alinigeukia. Mimi, ambaye sikuwahi kuacha kosa lipite kwenye daftari la mwanafunzi, nilikohoa. “Bado niko kwenye majaribio,” nikasema.

Jioni balozi alirudi na dumu tupu. “Ya pikipiki tu, Mwalimu. Sina haraka.”

Dada, aliyelazwa karibu na dirisha linalotazama kibanja, shamba la migomba ya mama, alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwacha akasema, “Nieleze basi. Umeyatengenezaje?”

Nikamweleza yote, polepole, kama ninavyoeleza darasani: mvuke, gesi mbili, chuma, mshenga anayerudi kwake vilevile alivyokuja. Alisikiliza macho yake yakiwa mlangoni, ambako mama alikuwa anavuka ua na kikapu cha ndizi za kumenya, mkono mmoja umeshika kiuno, mguu mmoja ukiburuzika.

“Mwalimu wee,” dada alisema, “mbona mshenga wako anachechemea?”

Nikainuka, nikampokea mama kikapu na kisu.