Mazoezi ya Dina

Katika soko la Tunduma hakuna aliyewahi kumuuzia Tupokigwe gunia kwa maneno matupu. Hata umwapie kwa jina la mama yako mzazi, atatoa bambo lake, ule msumari wa bati wenye mfereji, alichome gunia chini kabisa karibu na mshono, kisha akinge kiganja asubiri maharage yateremke. Juu kila mtu anaweka mazuri, husema. Wenzake wa Ileje alikozaliwa wanamjua kwa hilo, na Wazambia wanaovuka kuja kununua kwake wanamjua kwa hilo. Ndiyo maana siku alipopigwa changa la macho na muuza vidude vya kompyuta, mtaa wake wa Chapwa mzima ulipata cha kuchekea.

Mambo yalianzia kwenye kikao cha kwaya. Tupokigwe ni mlezi wa kwaya kanisani kwao, cheo cha kupika chai na kupatanisha waliogombana. Siku hiyo mwenyekiti, Barnaba, alitangaza kwamba kompyuta ya kwaya imejaa, na mitambo mipya ya kurushia ibada inahitaji nafasi. Kwa hiyo Jumamosi rekodi zote za mazoezi ya zamani zitafutwa.

"Albamu zitabaki," alisema, huku akinyoosha tai yake. "Mazoezi ni makelele tu na kukosea kosea. Yanatusaidia nini?"

Tupokigwe alisimama bila kuomba nafasi. "Kwenye makelele hayo ndiko aliko Dina."

Dina alikuwa mdogo wake, mwimbaji kiongozi na mwalimu wa sauti, na alifariki mwanawe Gloria akiwa hajaanza hata kutambaa. Tupokigwe alimchukua mtoto akamlea, na mpaka leo Gloria, ambaye sasa ni mwalimu Vwawa, anamwita mama. Kwenye albamu Dina anaimba vizuri, lakini kakauka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Ni kwenye mazoezi ndiko anakoongea, anakogomba na anakocheka. Mwaka jana, wakichambua maharage uani, Gloria aliuliza: "Mama, yeye alikuwa anachekaje?" Tupokigwe akafungua kinywa amwigize, akashindwa. Alikuwa amesahau. Alilia siku hiyo, na hakuona haya kulia.

Tena kila mtu kikaoni alijua jambo ambalo halikusemwa. Enzi za Dina, Barnaba alikuwa sauti ya nne, na alikuwa mtu wa kupotea sauti. Nusu ya rekodi zile ni Dina akimrudisha njiani. Mwenyekiti gani mwenye tai anataka kumbukumbu kama hiyo ikae kanisani?

"Basi, mama mlezi," Barnaba alisema kwa ile sauti laini ya watu waliokwisha kuamua, "kama unayataka sana, nunua chombo chako uyabebe. Kwaya haina fungu la mambo hayo."

"Nitanunua," akajibu, akaketi.

Kesho yake alikwenda karibu na mpaka, penye wauza chaja na spika. Kijana mmoja mwenye ulimi wa asali alimwonyesha diski ya kung'aa, ndogo, inayoenea kiganjani, akasema inabeba mara kumi ya zile za madukani na bei yake haifiki hata nusu. "Mayo, hii ni ya ukweli," alisema, kwa kuwa huko mpakani mama huitwa mayo hata na wasiojua Kibemba kingine. Waliichomeka kwenye kompyuta, ikasoma namba kubwa sana. Tupokigwe aliiona namba hiyo, akaridhika. Bambo lilikuwa kwenye kikapu chake muda wote huo.

Deus, fundi mitambo wa kwaya, alimnakilia rekodi zote. Nyumbani Tupokigwe aliichomeka kwenye runinga. Nyimbo za mwanzo zikaimba. Alipofika katikati, kimya. Akabonyeza nyingine, kimya. Majina ya nyimbo yalikuwapo yote, ndani hamna kitu; ile namba kubwa ilikuwa ya uongo. Alirudi mpakani na hasira zake, akakuta meza imehama, na jirani wa meza akamweleza kwamba hata kijana angekuwapo, mzigo wa pale ukishaondoka haurudi.

Habari ikafika kwa Barnaba kabla Tupokigwe hajafika nyumbani. "Mama mlezi," alimwambia mlangoni pa kanisa, "huoni kuwa hiyo ni ishara? Wacha marehemu apumzike."

"Ishara ya wizi," Tupokigwe akamjibu. "Na leo ni Alhamisi, mwenyekiti. Jumamosi haijafika."

Ijumaa asubuhi aliingia duka la Felix, barabara kuu, akaweka bambo juu ya kaunta, cheng! Felix aliruka hatua nyuma.

"Usiogope, mwanangu. Nataka diski ya nje ya kuhifadhi sauti. Nianzie wapi?"

Felix alimpangia mbili. Hii nyepesi haina kinachozunguka ndani, ni ya haraka, hata ikianguka haiumii kirahisi, ila bei imesimama. Hii nzito ina sahani inayozunguka, ni ya polepole, haipendi kuangushwa, lakini inabeba kingi kwa bei ya chini. "Mimi ningekushauri nyepesi, mama. Ndiyo ya kisasa."

"Ya kwangu haiendi mbio na mtu. Itakaa kabatini, imefungwa kwenye kitenge. Nzito itaweza kukaa?"

"Itakaa vizuri. Ila uwe unaiwasha mara moja moja uione kama bado nzima. Na siku moja itakufa, mama, sikudanganyi. Zote hufa."

Jibu hilo lilimpendeza kuliko yote aliyoambiwa wiki ile. Kwao Ileje mbegu za maharage haziwekwi dari moja. Nyingine hupelekwa kwa ndugu ng'ambo ya kilima, moto ukiwaka huku, za kule zibaki. "Basi nipe nzito mbili. Moja itakwenda Vwawa. Sasa zijaze."

"Nizijaze nini?"

"Chochote. Sinema, mahubiri, ngumi. Zijaze mpaka zikatae, halafu unifungulie kilichoingia mwisho."

"Mama, hiyo ni kazi ya kutwa!"

"Nimekuja na chakula."

Akavuta kigoda, akaketi katikati ya mlango, wateja wakawa wanamkwepa. Felix alilalamika, alicheka, mwisho akampelekea soda. Jioni diski zote mbili zilikataa kupokea zaidi. Felix akafungua faili la mwisho la kila moja, likacheza mpaka mwisho. Ndipo Tupokigwe akalipa, naye Felix akazifuta zikawa tupu.

Jumamosi, Gloria akaja kutoka Vwawa. Deus alinakili rekodi kwenye diski zote mbili, na kwaya ilipokwisha kukusanyika Barnaba akasogelea kompyuta, kidole tayari.

"Tumemaliza, mama mlezi? Nifute?"

"Bado sijachoma bambo," alisema Tupokigwe. Alichomeka diski yake kwenye spika kubwa, akateremka mpaka rekodi ya chini kabisa, akabonyeza.

Kinanda, kisha wimbo, kisha wimbo ukakatika. "Simameni, simameni! Barnaba, kaka yangu, umekwenda wapi tena? Sisi tuko hapa, wewe uko Zambia!" Halafu Dina akacheka. Kicheko kirefu, chenye mkwaruzo, kinachoishiwa pumzi na kuanza upya.

Wazee wa kwaya waliangua kicheko, kisha wakajifuta macho. Gloria hakucheka. Alikuwa ameshika mkono wa Tupokigwe kwa nguvu mpaka unauma.

"Ndivyo hivyo," Tupokigwe alimwambia. "Ndivyo alivyokuwa anacheka." Kisha akageuka. "Haya, mwenyekiti. Ya kwenu sasa mnaweza kufuta."

Barnaba alikuwa bado amesimama, kidole hewani, tai imekaa upande. Gloria ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Naomba mrudishe nyuma kidogo."

Barnaba akaiacha kompyuta. Alikwenda kwenye spika, akairudisha rekodi yeye mwenyewe, akakaa kwenye benchi la sauti ya nne na kusubiri kugombezwa.