Nani Atamupakulia Papa Kwenye Meli?

Nilikuwa pale mimi mwenyewe, nyuma yao kabisa, kwenye ajansi ya safari katikati ya muji. Na masikio yangu iko mazima kuliko ya bengine bote.

Muzee mumoja na bibi yake, batoto babo balibalipia safari ya meli ya starehe. Dada wa ajansi anabaeleza chakula: "Muchana, papa, meza inajaa: samaki, nyama, divai, bière. Kila muntu anajipakulia."

Muzee akarudisha pasipoti mufukoni.

"Bukari, ile ugali yetu, sawa, nitaikosa. Lakini bibi yangu iko muzima, na mimi nisimame na sahani kama mujane?"

"Mangaribi, papa, muhudumu anabaletea ninyi pa meza, anajaza na glasi."

"Mwanaume mwingine amujazie bibi yangu divai, mimi ninaangalia? Hatuende!"

Mama akafunga vizuri kitenge yake. "Mimi nitaenda. Batoto balitaka nipumuzike. Kama hautaki yule mwanaume, unijazie weye."

Pa meza ya dada kulikuwa chupa ya maji na glasi. Muzee akatuangalia siye bote tuliokuwa nyuma, akajaza, akapiga goti, akamutolea kwa mikono mbili: "Kunywa, mama."

Mama akakunywa polepole mpaka kumaliza, akamurudishia glasi. "Ongeza."

Akaongeza, halafu akatoa pasipoti.

Basi, weye unayeuliza utakuta nini kwenye ile meli: utakuta vyakula vyote, na utakuta mikono yako mwenyewe.

Yote ni kweli. Goti tu ndilo nililiongeza mimi, na bibi yangu, aliyesoma hii kabla yenu, sasa ananingojea pa meza na glasi yake tupu.