Supu ya Mbuzi wa Sekela

Siku ile naikumbuka kila ninapoinama kuokota kijiko, mwanangu, na wewe usicheke. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka kwetu Ipogolo, nikaolewa huku milimani Mbeya. Mwaka mmoja baada yangu akaolewa Sekela, mke wa mdogo wake mume wangu. Mimi sijashika hata mimba, yeye huyo kajifungua, tena mtoto wa kiume!

Roho iliniuma, sikufichi. Mama mkwe hakuwa na neno jingine: Sekela amekula? Sekela anapata joto? Akamchinjia na mbuzi. Mimi nilipoletwa pale nilichinjiwa kuku, na kuku mwenyewe amekonda.

Huku kwetu mtu akijifungua, wanawake humpelekea kuni, maana baridi ya huku si mchezo. Kila mmoja hutua mzigo wake uani na wote wanautazama. Nikasema moyoni, leo mama mkwe atanitambua. Kule msituni nikafunga mzigo wa watu wawili, kuni mbichi. Wenzangu wakaniambia nipunguze. "Punguzeni ya kwenu!" nikawajibu. Nikainama miguu imenyooka, nikaunyakua huku nimejipinda. Kiunoni kitu kikalia ka! Moto ukashuka mguu wa kushoto hadi kidoleni, nikaanguka palepale.

Walinirudisha nyumbani kwa machela ya miti. Mguu ukafa ganzi. Nikaogopa sitatembea tena, na mke asiyezaa wala kutembea, nani atakaa naye?

Jioni akaja bibi yake mume wangu, mkunga wetu, na bakuli la supu. Supu ya mbuzi wa Sekela! Nikageuzia uso ukutani.

"Hutaki kula, basi tazama," akasema. Akatoa kipande cha mgongo, akakitenganisha kwa vidole. "Hizi ni pingili. Zako zimepangwa toka shingoni hadi makalioni, zinabeba kichwa chako na kila unachojitwika. Kati ya pingili na pingili kuna hiki kigegedu, ndicho kinakuwezesha kuinama bila mifupa kusagana. Chako kimesogea."

Akachokonoa tundu la pingili kwa kijiti, ikatoka kamba nyeupe, laini. "Hii inashuka kutoka kwenye ubongo. Mishipa inayotoka humu ndiyo inauambia mguu utembee. Kigegedu kimebana mshipa wako mmoja. Ingekatika kamba yenyewe, usingeinuka tena, tungekulisha kitandani mpaka unakufa."

"Nitapona, bibi?"

"Ukitulia. Ulitaka mama mkwe wako akuone, sivyo? Haya, amekuona. Umelala."

Nililia kwa aibu. Na siku zote nilizolala, unajua nani alikuja kunigeuza na kunikanda? Sekela. Mtoto wake alimlaza kifuani pangu, eti nimshikie.

Basi, mwanangu, ukitaka kuinua kitu chuchumaa, kikumbatie karibu na kifua, simama kwa nguvu ya mapaja, wala usijipinde. Na kabla hujakiinua jiulize unakibeba kwa ajili ya nani. Kama ni kumkomesha mwenzako, kiache hapo chini.

Sekela sasa ni bibi kizee kama mimi, ila anatembea wima, na mimi na fimbo yangu. Bado namwonea wivu kidogo, Mungu anisamehe. Nawe akulindie mgongo wako na roho yako, na siku ukianguka, akupe Sekela wa kukugeuza.