Suti ya Harusi Mahakamani

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilivaa suti yangu ya harusi kwenda mahakamani, hapa hapa Toronto, kwa sababu sikuwa na suti nyingine. Aliyenishitaki alikuwa mke wangu wa kwanza, Neema. Wewe cheka tu. Nilikuwa na miaka thelathini, na kichwa kigumu kama chako ukiamua kubisha.

Neema alikuwa muuguzi, akaanza kusoma tena ili apande cheo. Mimi nikanuna. Nyumba yetu kule Flemingdon Park ikawa ya masimango, chakula kikichelewa kidogo nauliza, "Mahari nilitoa ya nini?" Alivumilia, akachoka, akahamia kwa shangazi yake Markham. Basi nikashika simu. Asubuhi meseji, mchana meseji: rudi, la sivyo baba yako anirudishie mahari yangu. Nikawapigia mpaka dada zake kule Moshi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa kwa maandishi, tena yenye jina langu. Polisi wakaja, nikashitakiwa kwa kumsumbua na kumtisha.

Nilipopewa dhamana niliambiwa nisimtafute Neema, wala nisitume mtu kwake. Nikasaini. Lakini kwetu unakujua: mwanamume akikorofishana na mkewe haendi mwenyewe, humtuma mshenga. Nikajiambia katazo lile haliwezi kumhusu mzee wa heshima. Nikamwomba Mzee Kimaro, aliyenisemea kwa wakwe zangu, aende Markham na doti ya khanga akaniombee msamaha. Habari za amri ya mahakama sikumwambia. Mzee wa watu akapiga hodi, Neema akaingiwa na hofu, na mimi nikaongezewa shitaka la pili.

Wakili niliyepewa alinisihi nisijitetee mwenyewe. Nikamkatalia. Nilikuwa nimeandika karatasi nzima ya kumweleza jaji kwamba hizi ni mila zetu, wao hawazijui. Niliogopa kufungwa, na zaidi niliogopa kumkosa Neema moja kwa moja.

Mzee Kimaro alinikuta kwenye korido, koti la baridi bado liko mwilini. Nilidhani amekuja kuniunga mkono, nikamsomea karatasi yangu. Akanitazama mpaka nikashusha macho.

"Mila gani hiyo?" akauliza taratibu. "Mahari ile niliipeleka mimi. Nilimwambia baba yake, asante kwa kutulelea. Hata ndoa ikivunjika, wazee hukaa wakazungumza. Wewe umemtisha mtoto wa watu."

"Nisamehe, baba."

"Mimi utaniomba baadaye. Umenituma nikamtie hofu binti niliyekuposea mwenyewe, nami sina habari. Ukisimama mle ukasema ni mila, unatushitaki mimi na baba yake. Sema ni hasira zako."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Nikamfuata wakili, nikamwambia yote, na safari hii nikamsikiliza. Mbele ya jaji nilikiri: meseji ni zangu, hakuna aliyenifundisha kuziandika, mzee nilimtuma mimi, naye hakujua nimekatazwa. Neema alikuwa ameketi nyuma na shangazi yake, analia. Sikufungwa. Niliamriwa kuhudhuria mafunzo ya kuzuia hasira na kukaa mbali naye.

Nilidhani kwa kuwa nimesema ukweli, siku moja atarudi. Hakurudi. Nilimpenda sana Neema, na nilimpoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Linaniuma mpaka leo.

Sasa wewe Jumamosi tunakwenda kukuposea, na nimefurahi hata usingizi sipati vizuri. Kitakachotolewa siku hiyo kikishatoka kimetoka. Usikitaje tena mbele ya mkeo, hata kwa utani. Akikuambia usimtafute, tulia, wala usitutume sisi wazee. Sheria ya huku inatuhesabu sisi ni wewe. Na ukifikishwa mahakamani, Mungu apishe mbali, mpe wakili ukweli wote, usijifiche nyuma ya mila za baba zako.

Utakosea tu, mwanangu, nani asiyekosea. Mungu awape nyumba yenye amani na watoto wanaojibu Kiswahili. Na siku utakayomkosea mkeo, Mungu ajalie akukasirikie tu, asikuogope.