Jiko la Shangazi Chumbani

Kocha wangu alisema damu ya mtu wa bondeni huzoea mlima polepole. Kwa hiyo niliondoka Ruaha Mbuyuni mapema, nikawaachia ndugu zangu palizi ya vitunguu, nikaenda Iyunga, Mbeya, kukaa kwa shangazi yangu. Mchujo wa timu ya kanda ya mbio za nyika ungefanyika hukohuko juu. Umri wangu ulishaanza kusogea. Nikikosa safari hii, nilijua sitajaribu tena, ni vitunguu moja kwa moja.

Mbeya mwezi wa sita si mchezo. Kwetu tunalala madirisha wazi na bado tunatoka jasho. Kule nilivaa soksi kitandani. Shangazi, mjane aliyeishi peke yake, alinionea huruma. Kila jioni aliwasha jiko la mkaa uani, akasubiri mkaa ukolee, kisha akaliingiza chumbani kwangu. Alifunga dirisha, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu.

"Lala, mwanangu. Usije ukaniletea nimonia hapa."

Asubuhi niliamka kichwa kinapasuka na kichefuchefu juu yake. Nikampigia kocha. "Ni hewa ya juu hiyo," alisema. "Kunywa maji, vumilia." Nikanywa maji mpaka njia ya chooni ikanizoea. Badala ya kupata nafuu nikazidi kudhoofu, na kocha akasema hali ikiendelea hivyo nirudi nyumbani. Mimi si mtu wa kulialia, lakini siku hiyo nililia kwa hasira.

Kitu kimoja kilinishangaza. Nikishapanda kilima cha mazoezi na kutoka jasho, kichwa kilitulia. Sasa mlima gani huu unaniumiza nikiwa nimelala, halafu unanitibu nikiupanda? Nikaliacha swali hapo, maana sikuwa na wa kumuuliza zaidi ya kocha, naye jibu lake nililijua.

Kisha shangazi akaenda msibani Tukuyu. Kwa uvivu wangu sikuwasha mkaa, nikajifunika blanketi zote za nyumba nzima. Niliamka mwepesi kabisa, nikakipanda kilima bila kusimama. Nikampigia kocha kwa madaha, nikamwambia mwili umeshazoea. Shangazi akarudi, jiko likarudi chumbani, na kichwa nacho kikarudi. Hapo hata mimi, pamoja na ubishi wangu wote, nikaelewa. Sumu ya mkaa ilikuwa inaninyang'anya hewa, na kule juu hewa yenyewe ni chache.

Nilimwambia shangazi tukiwa tunamenya viazi. Kisu chake kikasimama katikati ya kiazi.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nakuua?"

"Si hivyo, shangazi."

"Ndivyo. Sema tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu amekupa joto lake, nawe unamwambia ni sumu.

Jioni ile jiko lilibaki uani. Shangazi alikuja na mto wake, akaniambia nisogee. "Moto huutaki, blanketi hazitoshi. Basi utalala na mimi." Mgongo wake ulikuwa na joto zuri, ila anaongea huyo! Alinisimulia harusi yake tangu posa, nikasinzia kabla bwana harusi hajafika. Jioni zilizofuata aliendelea palepale nilipomwachia, na mwili wangu ukaanza kurudi.

Siku ya mchujo nilishika nafasi ya mwisho kati ya waliochukuliwa. Ningependa kusema nilipaa, lakini sikupaa, nilijikokota. Pumzi ilikuwepo tu, na ikanifikisha.

Nilimkuta shangazi jikoni, nikamwambia nimeingia kwenye timu na kesho naondoka kwenda kambini. Alinikumbatia, akacheka, akarudi kwenye sufuria yake. Nikamsihi asiliingize tena jiko ndani, hata chumbani kwake. Ajaze maji ya moto kwenye chupa, aifunge vizuri, alale nayo.

"Nitafanya hivyo," alisema. Akakoroga mboga kwa muda bila kunitazama. "Ila chupa haiongei, mwanangu."