Msimu wa Chokaa Mkumbara

Chokaa ikimwagiwa maji hutoa harufu inayokwaruza koo. Wengine harufu hiyo huwakumbusha nyumba mpya au sikukuu inayokaribia. Mimi hunirudisha Mkumbara, kando ya barabara ya Tanga kwenda Moshi, nikiwa na miaka tisa, mwaka ambao kipindupindu kilitupitia, kikaondoka, kikatuachia jina baya. Nasema kiliondoka kwa sababu kiliondoka kweli, tena mapema kuliko tulivyotarajia. Jina ndilo lililokataa kuondoka, na ndilo lililoniondoa mimi.

Mama alikuwa na hoteli. Msomaji asidhani ni ghorofa. Kwetu banda la mabati lenye meza nne na sufuria kubwa nyuma linaitwa hoteli, na mwenyewe akikusikia ukiliita kibanda atakununia wiki nzima. Mabasi yalisimama mbele yetu, abiria wakishuka wamevimba miguu, wakila wali na maharage, au ndizi za kupika zilizoletwa kutoka Bungu. Wateja wengine walitoka juu milimani. Mjomba Athumani, kaka yake Mama, alikuwa akiwaongoza wazungu waliotaka kutembea Usambara kwa miguu, akiwashusha kwa njia za wakata mbao hadi bondeni, na safari zake zote ziliishia mezani kwa Mama. Baba alikuwa Mashewa kwa mke mdogo, akilima. Alitukumbuka wakati wa mavuno, kama mavuno yalikuwa mazuri. Kwa hiyo sufuria ile ndiyo iliyokuwa baba yetu, na sisi tuliitii.

Ugonjwa ulikuja na mvua, mitaro ilipofurika na kuingia kisimani. Mahema ya wagonjwa yalisimamishwa nyuma ya zahanati, na kila mahali palipoguswa na mgonjwa palimwagwa chokaa: vyooni, milangoni, kuzunguka mahema, makaburini. Mume wa Mama Zaituni, jirani yetu aliyekuwa akichoma mahindi barabarani, alizikwa na watu waliovaa mabuti na glavu, na sisi watoto tulisimama mbali tukiiangalia njia nyeupe iliyoachwa hadi kaburini. Biashara zote za chakula zilifungwa. Siku bwana afya alipopita na kipaza sauti kutangaza kwamba ugonjwa umekwisha na hoteli zifunguliwe, Mama alilia, akapangusa uso kwa kanga, akawasha moto.

Mabasi hayakusimama. Yalipita kwa kasi, mengine yakipiga honi kama ya kutuaga. Makondakta walikuwa wanawaambia abiria wavumilie njaa mpaka Same, na kama unaelekea Tanga basi mpaka Korogwe, ilimradi usitie kitu mdomoni Mkumbara. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, nami nilikuwa naudhani ni usemi wa wauza samaki tu. Jioni tulikula wali ambao ulipikiwa wageni, kesho yake tena, mpaka mimi na mdogo wangu tukaanza kuuchukia wali, chakula tulichokuwa tukikililia zamani. Mama hakunificha. Alinikalisha kwenye benchi la wateja akaniambia kwamba mdogo wake aliyeko Handeni, mama yangu mdogo, amekubali kunichukua. Mabasi yasiposimama hadi shule zifunguliwe, nitakwenda. Mdogo wangu angebaki kwa kuwa bado hajafikia umri wa shule. Tangu siku hiyo kila basi lililotokea kwenye kona nililiangalia kama mtu anayesubiri hukumu.

Ndipo mwenyekiti wa kitongoji alipoitisha mkutano wa wenye biashara. Alikuwa mtu mwema, mpenda shughuli, na sifa yake kubwa ilikuwa kuupamba mji kila Mwenge wa Uhuru ulipopita katika mbio zake za nchi nzima. Akasema tatizo letu ni kwamba mji umechakaa, mgeni akiuangalia anaona huzuni. Dawa yake ikawa ile ile ya Mwenge: chokaa. Nani angempinga? Sote tulikuwa tumelelewa tukijua kwamba anapokuja mgeni mkubwa, mawe ya barabarani hupakwa chokaa. Mgeni njoo mwenyeji apone, akasema, na watu wakapiga makofi. Tulipaka mawe, mashina ya miti, kuta za mabanda, hadi miguu ya meza. Mimi nilipaka kwa bidii kuliko wote, maana kila jiwe nililipaka ili nisipelekwe Handeni. Tulipomaliza mji uling'aa, na tuliusimamia kifua mbele.

Basi la kwanza asubuhi ile lilipunguza mwendo. Namkumbuka Mama alivyoshika mwiko, na Mama Zaituni alivyonyoosha kanga yake ya eda na kujificha nyuma ya nguzo ili asilete mkosi. Abiria walitukodolea macho. Kisha dirisha moja likafungwa, likafuata jingine, na mwanamke mmoja akambana mtoto wake mdomo na pua kwa mtandio. Dereva akakanyaga mafuta. Tulibaki tumesimama kwenye vumbi, tumezungukwa na weupe wetu, bila kuelewa tulichokosea. Mama Zaituni ndiye aliyesema, tena kwa sauti ndogo kabisa: "Jamani, tumeupaka mji wote kaburi la mume wangu."

Mwenyekiti aliketi chini, mtu mzima yule, akajishika kichwa. Abiria hawakufikiria habari za Mwenge. Walichojua ni kwamba penye kipindupindu pana chokaa, na sisi tulikuwa tumewaonyesha chokaa isiyo na mwisho. Tulichukua maji na mafagio ya chelewa, tukaanza kusugua tulichokuwa tumekipaka, na mikono ya Mama ikachubuka hadi viganja. Nilipomuuliza kama mimi bado nitakwenda Handeni, aliniambia nisugue.

Kilichokuja kutusaidia hakikuwa cha mwenyekiti. Mama alilitoa jiko lake nyuma ya banda akalileta mbele, ukingoni mwa barabara, jambo ambalo wanawake wa kwetu hawalipendi, kwa kuwa jiko ni siri ya mpishi. Akaweka na pipa la maji yaliyochemshwa, lenye koki, na sabuni. Anayetaka kujua chakula chake kinapikwaje, aangalie. Wa kwanza kuangalia walikuwa wazungu wawili, mume na mke, walioshuka mlimani na Mjomba Athumani. Mwanamke aliuliza jambo, Mjomba akababaika. Mama akataka kujua ameuliza nini.

"Anauliza kama ni kweli palikuwa na kipindupindu," Mjomba akasema. "Dada, niache nimwambie ni maneno ya watu."

"Mwambie kilikuwepo. Mwambie tumezika. Na mwambie mimi nakula hapa hapa na wanangu."

"Nikimwambia hivyo watanyanyuka!"

"Watanyanyuka wakiwa na njaa. Mwambie, Athumani."

Mjomba akawaambia, huku akitazama chini. Mama akapakua, akachota wali kutoka sahani ya mwanamke yule, akala mbele yake, kama ilivyo desturi yetu kwamba anayemkaribisha mgeni huonja kwanza kumwondolea shaka. Kisha akaniita mimi nionje sahani ya mwanamume. Nilikuwa nimeuchoka wali kama ninavyouchoka leo uongo wa wanasiasa, lakini tonge lile nililitafuna kwa nguvu zangu zote, nikimwangalia mzungu yule machoni, nikimwomba moyoni ale. Walikula. Walikula hadi ukoko.

Ningependa kusema hapo ndipo mambo yalipogeuka, nikabaki nyumbani. Sahani mbili hazirudishi mtaji. Shule zilikaribia kufunguliwa, mama mdogo akaja na basi la kutoka Handeni akiwa amebeba mkoba mtupu wa kutilia nguo zangu. Mama alinifunga vitambaa vya nywele, akavifungua, akavifunga tena, akaniambia mabasi yakianza kusimama atanifuata. Sikulia. Niliamini.

Handeni ni tambarare kavu, maji yake ya kutafuta, na mama mdogo hakuwa mtu mbaya. Nilijifunza kuchota maji kabla ya jua, kuwasalimia wafugaji wa Kimasai waliokuja kununua unga, na kujibu kwa Kizigua niliposemeshwa. Habari za nyumbani zilitufikia kwa abiria. Kabla masika hayajaisha, mwanamke mmoja alituambia kwamba kule Mkumbara kuna mama anapikia barabarani, chakula safi, mabasi yanagombania kusimama. Nilikunja nguo zangu siku hiyo hiyo. Nilizikunjua mwenyewe kwa wiki nyingi, nguo moja moja, kila nilipohitaji ya kuvaa. Mama alituma salamu kwamba kazi ni nyingi, hana wa kuniangalia, na kwamba amesikia nimeshazoea. Nilimaliza shule Handeni.

Miaka ya juzi ulipokuja ugonjwa mwingine, ule uliofunga viwanja vya ndege duniani, mimi nilikuwa na hoteli yangu Korogwe mjini, yenye vyumba vichache vya watalii waendao milimani. Watalii wakakatika kama maji ya bomba. Baadaye, wageni walipoanza kurudi mmoja mmoja, tuliitwa kwenye semina ya kuinua utalii, tukapewa chai na maneno mazuri. Kufufua biashara kulitaka niwe pale usiku na mchana, peke yangu, bila msaidizi, nami nilikuwa na binti mdogo wa kulea. Mama alikuja kuniona, akaitazama milango iliyofungwa kwa jicho la mtu wa kazi, akasema: "Nipe mtoto nikae naye Mkumbara. Wewe simama na biashara yako mpaka ichanganye." Alisema kwa upendo, na ndiyo maana nilikosa pa kuweka hasira yangu. Nilimwambia ahsante. Sikumpa mtoto. Vyumba vile sasa vina mpangaji mwingine anayevijaza wageni, nami nauza vitenge barazani kwa watu, na binti yangu hunikumbusha, akikasirika, kwamba zamani tulikuwa na hoteli.

Nani kati yetu alipatia, sijui. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mama hupenda kusema, na kweli uhunzi wake haukufa: alilisha watu barabarani, akamsomesha mdogo wangu, akalijenga banda kwa matofali. Mimi humtembelea. Husimama kwake basi lililojaa, naye hupita kati ya meza na birika, haraka, akihudumia wote kwa tabasamu moja. Akifika kwangu huinama, hunishika bega, huniita mwanangu. Kisha huniuliza kama natumia sukari.